Majengo, ambako muziki hupikwa katika chumba cha udongo

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kwa miguu na unataka kufika Majengo, huna haja ya kuuliza njia. Fuata sauti. Kwanza utasikia nyundo za mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wanaofua masanduku na majiko tangu macheo. Mbele kidogo nyundo hizo zitamezwa na makelele ya Gikomba, ambako wauzaji wa mitumba hunadi mashati na blanketi kwa vibwagizo walivyojitungia wenyewe. Ukivuka Gikomba salama, na mfuko wako ungali na kitu, utaingia katika vichochoro ambako makelele hupungua. Harufu ya mahamri itakulaki. Wazee waliovaa kofia watakuwa wamekaa barazani, wakizungumza Kiswahili ambacho ni nadra kukisikia kwingineko Nairobi. Hapo ndipo Majengo.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilipita njia hiyo pamoja na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 21 anayesoma chuoni. Alikuwa na akiba ya shilingi 45,000, na nia yake siku hiyo ilikuwa kwenda Luthuli Avenue, barabara inayojulikana kwa maduka ya vyombo vya muziki na elektroniki, akanunue spika mbili kubwa kama kabati. Nilimsihi anipe saa tatu tu kabla hajazitoa pesa hizo. Alikubali, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana.

Kisa cha spika hizo sina budi kukisimulia, maana bila hicho msomaji atashangaa tulikuwa tukitafuta nini.

Mpwa wangu hutengeneza muziki chumbani mwake. Agosti 2024 dada yake aliolewa, naye akaamua kumtungia wimbo. Alimwendea nyanya yake, yaani mama yangu mzazi, akamwomba amwimbie wimbo wa harusi wa zamani ambao Mama alikuwa akituimbia tulipokuwa wadogo. Mama aliimba akiwa ameketi jikoni kwake, akiwa na umri wa miaka 79. Kijana aliinasa sauti hiyo, akairudisha nyumbani, akaizungushia ngoma, gitaa la besi na kinanda. Sisi tuliosikiliza kwa hedifoni tuliusifu wimbo huo bila kifani.

Siku ya harusi ukachezwa ukumbini. Mama alikuwa safu ya mbele, amejifunga leso mpya, na alikuwa amekwisha kuwaambia jirani zake wote wakae chonjo. Ngoma ikalia. Besi ikatikisa vikombe mezani. Sauti ya Mama haikusikika. Si kwamba ilisikika kwa mbali, haikuwepo kabisa. Wimbo uliisha, watu wakapiga makofi kwa adabu, naye akanigeukia akaniuliza, "Mbona mimi sikuimba?"

Tulimlaumu mwenye vyombo vya ukumbini. Januari 2025 Mama akatutoka. Wimbo huo ndio mahali pekee ambapo sauti yake imehifadhiwa ikiimba, na tangu hapo mpwa wangu amekesha mara nyingi akiurekebisha, kila akiupeleka kwenye spika za watu sauti inapotea tena. Alikuwa ameshaamua kwamba dawa ni kupata spika kubwa kama zile za ukumbini, ili asikie mwenyewe kilichoharibika.

Kwa nini Majengo? Mfanyakazi mwenzangu alinieleza kwamba kuna kijana huko mwenye studio ndogo, anayerekodi kasida, nyimbo za harusi, matangazo ya maduka na wasanii wa mtaani, na kwamba ana masikio makali. Sababu ya pili ni yangu binafsi. Mama alipofika Nairobi mwaka wa 1966 alipanga chumba Majengo. Mimi nilizaliwa miaka miwili baadaye katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, ile iliyoanzishwa 1926 na ambayo imewapokea watoto wengi wa Nairobi kiasi kwamba ukikaa ndani ya basi lolote la Eastlands huenda umekaa karibu na mtu aliyezaliwa humo. Tulihama nikiwa bado nabebwa mgongoni. Sikuwahi kuitafuta nyumba hiyo, na hata siku hiyo sikuitafuta.

Nyumba na historia yake

Majengo ndio moyo wa Pumwani, na Pumwani ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Waafrika katika jiji hili. Serikali ya kikoloni iliutenga mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikitaka kuwakusanya Waafrika waliokuwa wakiishi katika vijiji vilivyouzunguka mji, kama vile Pangani, Mombasa na Maskini. Watu walipewa viwanja wakajijengea wenyewe, na bila shaka ndiyo maana ya jina. Pangani yenyewe ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo. Walijenga kama watu wa pwani: ukuta wa miti na udongo, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma. Wanawake si haba walimiliki nyumba hizo na kuishi kwa kodi ya vyumba. Siku hizi magorofa yamechipuka kila upande, lakini nyumba za udongo zingalipo, na mojawapo ndiyo tuliyokuwa tukiiendea.

Muziki nao si mgeni hapa. Enzi za ukoloni watu walivaa suti na magauni wakaenda kucheza dansi katika Ukumbi wa Pumwani Memorial. Lakini kucheza ni jambo moja na kurekodi ni jingine. Miaka ya 1960 mwanamuziki wa Nairobi aliyetaka sahani ya santuri ilimbidi apokewe na kampuni, kama vile Equator Sound iliyokuwa na akina Fadhili William na Daudi Kabaka. Mlango huo haukufunguka kwa kila aliyebisha. Mambo yalibadilika kompyuta zilipoingia nyumbani. Mwaka wa 2000, katika mtaa wa California ulio pua na mdomo na Majengo, ilianzishwa Calif Records, na mtayarishaji Clemo pamoja na wasanii kama Jua Cali na Nonini wakaupa ulimwengu mtindo wa genge. Walitoka katika mitaa hii hii, wakaimba lugha ya mitaa hii hii. Kila kijana wa Eastlands aliyetundika maiki juu ya kitanda chake tangu siku hizo anajua habari hiyo, na mpwa wangu aliikariri kwangu njia nzima kana kwamba mimi nilikuwa nimelala wakati huo wote.

Bibi mwenye nyumba tulimkuta ukumbini akichambua mchele.

"Shikamoo, Bibi," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Mnamtaka Fundi? Leo hajapiga kelele, Mungu amjalie."

Majirani wote humwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa kuwa aliniomba nisimtaje gazetini. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, anayesema polepole. Chumba chake kina upana wa futi 10 na urefu wa futi 13. Kuna meza, kompyuta, spika mbili ambazo si kubwa kuliko mkate wa gramu 800 ukisimamishwa wima, hedifoni, maiki iliyokwaruzwa, na redio ya betri yenye spika moja iliyofungwa kwa ukanda wa mpira. Mpwa wangu aliangaza huku na huko akitafuta vile vyombo vingine. Havikuwepo.

"Studio ni hii tu?" akauliza.

"Ni hii tu. Karibu ukae."

Kuta mbili zilikuwa zimening'inizwa blanketi nzito za mitumba, zikiwa zimeachwa kiasi cha kiganja kutoka ukutani. Fundi alieleza kwamba pengo hilo huifanya blanketi inyonye sauti vizuri zaidi kuliko ikibandikwa. Nilimuuliza kuhusu trei za mayai, ambazo nimeziona zimepigiliwa katika studio kadhaa. Alicheka. Trei za mayai, alisema, ni pambo: hazizuii sauti ya jirani isiingie, hazifanyi lolote la maana kwa besi, na zinashika moto upesi. Katika mtaa huu hilo la mwisho si mzaha. Juni 28, 2018 moto wa Gikomba, umbali wa kutupa jiwe kutoka hapa, uliua watu wasiopungua 15.

Chumba cha futi kumi kwa kumi

Nilidhani angeuomba wimbo mara moja. Badala yake alimuuliza mpwa wangu maswali kama daktari. Anakaa wapi? Umoja, ghorofa ya tatu. Chumba ni cha ukubwa gani? Futi kumi kwa kumi, kama vyumba vingi vya kupanga vya Nairobi. Kuta ni za nini? Mawe. Kiti kiko wapi?

"Katikati," alijibu kijana.

"Aa," Fundi akasema, na akaturuhusu kusimama.

Alilofanya baada ya hapo naweza kumpendekezea msomaji yeyote mwenye kijana wa muziki nyumbani, maana halina gharama. Alifungua sauti moja tu, nzito, isiyobadilika, kama mngurumo wa friji usiku, akatuambia tutembee taratibu kutoka ukuta mmoja hadi wa pili kuvuka upana wa chumba. Karibu na ukuta mngurumo ulijaa kifuani. Tulipofika katikati ukafifia. Tulipoukaribia ukuta wa pili ukarudi. Hakuna aliyegusa kitufe.

Hesabu yake ni nyepesi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Futi 10 ni kama mita 3. Sauti yenye mitetemo 56 kwa sekunde ina wimbi la mita 6, mara mbili kamili ya chumba, kwa hiyo hunaswa baina ya kuta mbili ikipaa pembeni na kuzama katikati. Kwa bahati mbaya ngoma kubwa na gitaa la besi huishi papo hapo. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Chumba cha mraba ndicho kibaya kupita vyote, kwa kuwa urefu na upana huufanyia mtetemo mmoja hila ile ile. Anayekaa katikati hasikii besi, huongeza. Haisikii bado, huongeza tena. Wimbo ukitoka nje ya chumba hicho, vikombe vinatikisika mezani.

"Kwa hivyo ningenunua spika kubwa…" mpwa wangu alianza.

"Ungezisikia vilevile. Chumba ndicho kinachodanganya, si spika. Sogeza kiti."

Ushauri wake ulikuwa huu: kaa ukitazama ukuta, mahali palipo karibu theluthi moja ya urefu wa chumba, spika mbili na kichwa chako vikitengeneza pembetatu yenye pande sawa, na spika ziwe usawa wa masikio. Blanketi ziwekwe mahali ambapo sauti hugonga kwanza, kushoto na kulia. Kisha akatueleza jambo lililonifurahisha kwa namna ya pekee. Ukuta wa mawe huikamata besi na kuirudisha ndani. Ukuta wa udongo na fito ni mwepesi, nayo besi hupenya ikaenda zake. Ndiyo sababu mngurumo ule haukupotea kabisa tulipokuwa katikati ya chumba chake. Amewahi kuhamia gorofa Eastleigh akarudi baada ya miezi minne. Nyumba ambazo wapita njia huziona za kimaskini zimempa kitu ambacho wenye studio za kifahari hukinunua kwa pesa nyingi.

Hasara ni kwamba besi hiyo inayokwenda zake huingia kwa jirani. Mkataba wake na Bibi ni kwamba baada ya sala ya isha hakuna spika. Mchana nao hufanya kazi kwa sauti ya kiasi cha mazungumzo, na anasema imemfaa. Mwaka wa 1933 Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio la binadamu husikia besi hafifu sauti ikiwa ndogo, na kwamba kadiri sauti inavyopanda ndivyo besi inavyojitokeza. Anayechanganya muziki kwa kelele hudhani kila wimbo ni mtamu. Isitoshe, sikio lenyewe huumia: desibeli 85 kwa saa nane kila siku ni mpaka ambao wataalamu huonya usivukwe. Na mvua ikinyesha juu ya mabati? "Nafunga. Mvua haina kitufe."

Maiki aliyonayo ni ya aina isiyohitaji umeme wa volti 48, ile ambayo waimbaji huishika jukwaani na karibu kuigusa kwa midomo. Alinionyesha sababu. Maiki za kisasa za studio, zile zinazong'aa kwenye matangazo, zina masikio mapana mno kwa Majengo: zitamnasa mwimbaji, na mchuuzi wa ndizi kichochoroni, na pikipiki, na mtoto analia chumba cha tatu. Hii husikia kilicho mbele ya pua yake. Shure SM58 imekuwa sokoni tangu 1966 na bado watu huinunua, ingawa bandia zake zimetapakaa ulimwenguni kote, na anayeuziwa kwa robo ya bei ajue kuna jambo. Nami nakumbuka redio kaseti niliyonunua 1993 katika duka moja mjini. Ilikuwa na spika sita. Ilipoharibika nikaifungua, nikakuta spika mbili. Zile nne zilikuwa vifuniko vya plastiki na picha.

Sauti iliyopotea

Hatimaye Fundi aliuomba wimbo. Aliusikiliza wote kwa hedifoni, kimya, macho yamefumbwa. "Mzee anaimba vizuri sana," alisema. Kisha akachomoa hedifoni, akaubofya mahali fulani kwenye kompyuta, na wimbo ukaanza upya kwenye spika.

Ngoma, besi, kinanda. Mama hakuwepo.

Mpwa wangu aliruka. "Ndivyo ilivyokuwa! Ndivyo hivyo ukumbini!"

"Nimejumlisha kushoto na kulia zikawa kitu kimoja," Fundi akasema. "Ukumbi wako ulifanya hivyo. Nionyeshe ulichofanya kwenye sauti ya nyanya."

Kijana akaeleza kwa aibu. Alitaka sauti ya Nyanya isikike pana, ijaze masikio yote mawili. Alikuwa ameona maelekezo mahali. Akanakili sauti zikawa mbili, moja akaipeleka kushoto na nyingine kulia, na ile ya kulia akaipindua: penye kilele pakawa bonde, na penye bonde pakawa kilele. Katika hedifoni kila sikio hupata yake, na ubongo hudhani sauti ni pana kama uwanja. Lakini vyombo vya kumbi nyingi, redio ndogo, na spika za baa na maduka huzijumlisha pande mbili kuwa moja. Jumlisha tano, kisha toa tano. Ngoma na besi, ambavyo havikupinduliwa, vilibaki salama. Kilichofutika ni yule mwanamke mzee peke yake.

Hakuna spika ya shilingi 45,000, wala ya milioni moja, ambayo ingemrudisha.

Kabla yeyote hajasema neno, adhana ya alasiri ilianza. Fundi alizima kila kitu, ikawa kawaida yake, nasi tukakaa kimya. Msikiti wa Riyadha hauko mbali. Nilikuwa nikiwaza maneno ya Mama siku ile ukumbini, na jinsi nilivyomjibu ovyo kwamba mitambo ni mibovu. Adhana ilipokwisha Fundi alituuliza kama tumeona jambo. Vipaza sauti vya msikitini, vile vya umbo la tarumbeta, havitoi besi hata kidogo, wala zile sauti nyembamba za juu kabisa. Vinatoa katikati tu. Na bado kila neno linafika Gikomba. Sauti ya binadamu hueleweka kutokana na eneo hilo la katikati, na sikio letu lina makali zaidi kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Mpwa wangu alikuwa amekiweka kinanda chake papo hapo, juu ya maneno ya Nyanya.

Kazi yenyewe haikuchukua hata saa moja. Fundi alifuta nakala iliyopinduliwa na kuiweka sauti ya Mama katikati, moja tu. Kisha akanyamazisha vyote vingine.

Sikuwa nimejiandaa. Kabla ya wimbo kuanza kulikuwa na kipande ambacho kijana alikuwa amekificha kwenye rekodi ya mwisho. Mfuniko wa sufuria ulisikika ukiwekwa. Kisha Mama akauliza, "Nianze sasa?" Hakuna aliyemtazama mwenzake chumbani humo.

Alikata mngurumo wote ulio chini ya mitetemo 100, ambao ulikuwa malori ya barabarani na wala si Mama. Hakuipandisha sauti yake; alishusha vitu vingine mmoja mmoja mpaka yeye akasimama juu yao. Kinanda alikipunguza makali pale katikati na kukisogeza kulia kidogo. Besi aliishusha sana. Mahali ambapo Mama alikosa pumzi na sauti ikadidimia, hakuiachia programu irekebishe, aliiinua kwa mkono, neno baada ya neno. Mpwa wangu aliuliza kama hawezi kuongeza mwangwi mkubwa kama wa kanisani. Fundi alimwambia jikoni hakuna mwangwi wa kanisani, akaongeza kidogo tu, kiasi cha kuondoa ukavu.

Kisha yakaja mazungumzo ya kumasta, neno ambalo vijana hulitamka kama uganga. Wengi hudhani ni kuupandisha wimbo uwe na kelele kuliko wa jirani. Zamani za santuri ilikuwa ni kuuandaa wimbo ili sindano iweze kuufuata mfereji bila kuruka. Siku hizi ni ukaguzi wa mwisho, ikiwezekana kwa masikio mengine yasiyochoka na wimbo huo. Ukibana muziki wote mpaka darini unapoteza pumzi yake, na faida hakuna, kwani huduma kama Spotify hushusha nyimbo zenye kelele hadi kiwango cha karibu LUFS -14, sawa na wenzake. Fundi alimshauri kijana aache nafasi ya kama desibeli 6 juu ya wimbo anapomaliza kuchanganya, na alale kabla ya kuumasta. Asubuhi masikio husema ukweli.

Nilimtajia Yamaha NS-10, spika zenye uso mweupe zilizotoka 1978, ambazo wasikilizaji wa nyumbani hawakuzipenda lakini zikaenea katika studio za dunia nzima, kwa kuwa wimbo uliosikika vyema humo ulisikika vyema popote. Alizijua. Akainyoosha mkono akaichukua ile redio iliyofungwa mpira. "Hii ndiyo yangu," akasema, akaiunganisha na kompyuta, akaiweka dirishani.

Besi ikawa haipo, kama tulivyotarajia. Ngoma ikawa kama mtu anayegonga meza. Lakini Mama aliuliza, "Nianze sasa?", kile kipande Fundi alikuwa amekirudisha, na akaanza, na akaimba mpaka mwisho, kila neno mahali pake.

Mlango ulisukumwa. Alikuwa Bibi, ungo wa mchele mkononi.

"Huyo nani anayeimba? Wimbo huo naujua."

"Ni nyanya yangu," mpwa wangu akamjibu. "Aliwahi kukaa hapa Majengo."

Bibi aliweka ungo chini, akavuta kigoda, akaketi mlangoni. "Rudisheni mwanzo," alisema.

Tuliurudisha mara tatu. Katika ile mara ya tatu Bibi aliitikia. Ilipokaribia saa kumi na moja tuliaga, mpwa wangu akiwa na orodha fupi mfukoni: hedifoni zinazofunika masikio, kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta chenye matundu mawili, maiki kama ya Fundi, na redio ya spika moja. Luthuli Avenue haikutajwa tena siku hiyo. Tulikimbilia Gikomba kununua blanketi nne kabla wauzaji hawajafunga.